Kwa Nini Watu wa Kighonda Huunguza Makande

Zamani makande ya kijiji cha Kighonda yalikuwa hayaungui. Mahindi yalitwangwa mpaka ganda likatoka lote, maharage yakachambuliwa, chungu kikabandikwa asubuhi, na mwanamke akakaa karibu nacho akichochea moto na kukoroga hadi jua lilipofika utosini. Aliyeunguza makande alisemwa kisimani mpaka msimu mwingine. Na wakati huo pembe ya Kighonda ilikuwa na wito mmoja tu, wito wa maji, na hakuna mtu aliyewahi kuyaogopa maji hayo.

Maji yenyewe yalikaa juu ya kijiji, kwenye bega la mlima, ndani ya bwawa ambalo watu wa milima ile huliita ndiva. Mababu walilichimba kwa mikono na kulizungushia ukingo wa udongo na mawe. Usiku kijito kiliijaza ndiva. Asubuhi ilifunguliwa, maji yakateremka kwa mifereji hadi kwenye mashamba ya maharage na magimbi upande wa chini. Kabla ya kuifungua, mpiga pembe alisimama ukingoni na kupuliza pembe ya tandala: milio mifupi, iliyokatwakatwa. Mwenye zamu alishika jembe akateremka mbio, kwa sababu aliyechelewa zamu yake ilichukuliwa na jirani, na hakuna jirani aliyewahi kuirudisha. Hata mtoto wa mgongoni, asiyejua kusema, aliposikia pembe aligeuza uso kuelekea chini.

Nankondo hakuzaliwa Kighonda. Aliletwa akiwa mtoto kutoka ng'ambo ya kilele, baada ya mlima kumeguka mchana mmoja na kufunika kwao. Yeye alikuwa juu na mbuzi. Aliona udongo ukiteremka, akaona watu uwanjani wakisimama kuutazama, na kilichomkaa moyoni maisha yake yote ni kwamba hakuna aliyekimbia. Hawakuwa wamewahi kukubaliana pa kukimbilia, wala neno la kuitana. Walisimama tu, kila mmoja akimtazama mwenzake, mpaka wakawa hawaonekani tena.

Shangazi yake alimchukua na kumlea. Nyumba ya Shangazi ilikuwa ya chini kabisa, kando ya korongo lililopitisha mfereji mkubwa. Nankondo alipokuwa msichana mkubwa, ugonjwa ulimwingia Shangazi miguuni, na ulipoondoka uliondoka na nguvu za miguu yenyewe. Tangu hapo mama yule alikuwa akiketi mlangoni tangu asubuhi, akichambua maharage na kuwatania wapita njia. Nankondo naye akawa hatulii.

Alikula amesimama. Mvua ikinyesha alitoka kutazama mlima, akarudi ndani, akatoka tena. Alipanda hadi kwenye ndiva bila kutumwa na mtu, akapita chini ya ukingo akiukanyaga udongo kwa kisigino, kisha akashuka akipima njia kwa macho: hapa panateleza, hapa hawezi kupita aliyebeba mtu. Watu walimwita Roho Juu, na jina likamganda.

"Kaa, mwanangu," Shangazi alimwambia siku moja. "Ukitembeatembea hivyo unanichosha miguu, na miguu yenyewe sina."

"Ukingo ukivunjika, Shangazi, Babu Senzota atapiga pembe."

"Na aipige. Si kazi yake?"

"Na watu watafanya nini?"

Shangazi aliacha kuchambua. Jibu lilijulikana kwa kila mtu, ila hakuna aliyewahi kuulizwa swali. Pembe ikilia, watu wa Kighonda huteremka. Wangeteremka na majembe yao mpaka korongoni, wakajipanga kando ya mfereji, kwenye njia ileile ya maji. Na Shangazi angebaki mlangoni pake, akiwaona wakija.

Wazee wa ndiva walipokutana kugawa zamu, Nankondo alikwenda kusimama mbele yao. Walimpa kigoda, hakukikalia. Alisema pembe iwe na wito wa pili, mrefu usiokatwa, na maana yake iwe kupanda. Wote wapande hadi Jiwe la Perere, mwamba mpana ulio juu zaidi ya ndiva na kando yake, ambako maji hayawezi kufika. Wasibebe kitu isipokuwa mtu asiyeweza kutembea.

Babu Senzota, mpiga pembe, aliigeuzageuza pembe yake magotini. Alikuwa mzee msafi, mwenye kujipenda kidogo, na katika umri wake wote hakuwahi kuchelewesha maji.

"Pembe hii ameipuliza baba yangu, na baba yake kabla yake," alisema. "Haijawahi kumwambia mtu apande. Tukiianzishia mambo mapya uzeeni, itachanganyikiwa."

Wazee walicheka. Lakini mmoja wao, aliyekuwa na mama mzee nyumbani, alisema kujaribu mara moja hakuwezi kumuua mtu, na huenda msichana huyu angepata usingizi. Basi kijiji kizima kikaambiwa: kesho pembe italia mlio mrefu, mtapanda. Watu wakaitikia kwamba wamesikia.

Kesho yake ilikuwa siku ya jua kali, bila wingu. Babu Senzota alisimama ukingoni akapuliza mlio mrefu, kwa shingo upande, akaukata kabla haujaisha. Watu wa Kighonda wakashika majembe wakateremka. Wote. Waliopita mbele ya Nankondo walikuwa na nyuso za watu waliokuwa wamesikia na kuelewa. Vichwa vyao vilijua, miguu haikuwa na habari. Kule chini wanaume wawili walikuwa tayari wanagombana zamu ni ya nani, hadi mmoja wao aliposimama, akatazama mfereji mkavu, akasema, "Lakini hii si ile ya kupanda?"

Kijiji kilicheka mpaka jioni. Mtu mmoja tu ndiye aliyefika Jiwe la Perere, naye alikwenda kumtafuta mbuzi wake.

"Mimi wakati huo ningekuwa nimeshafika nyikani," Shangazi alisema, "naelea, nawapungia mkono."

Nankondo hakucheka. Aliingia ndani, akatoka, akaenda hadi njia panda ambapo vichochoro vyote vya kijiji hukutana kabla ya kushuka korongoni, akasimama pale muda mrefu akitazama nyayo. Nyayo zote zilielekea chini. Hapo ndipo alipoelewa kwamba kuwaambia watu hakutoshi. Kilichohitaji kufundishwa ni mguu, na mguu haufundishwi kwa maneno.

Aliwatafuta vijana wenzake. Hawakuja kwa kuamini, walikuja kwa sababu ilikuwa miezi ya kiangazi na hawakuwa na kazi ya maana, na kwa sababu Mavura alikuja. Mavura alikuwa kijana mwenye mabega mapana na mdomo mpana zaidi. Nankondo aliwagawa. Wengine aliwapa wazee na wagonjwa, kila mmoja na wa kwake, nao walipaswa kujua mtu huyo analala upande gani wa nyumba na hushikwa vipi asiumie. Wengine aliwapa mahali pa kusimama, kwenye kila njia iendayo chini, mikono wameitandaza, wawageuze watu. Kila nyumba nayo aliipangia kijana wa kuiita. Njia panda ile alijiwekea mwenyewe. Shangazi alimpa Mavura.

"Wewe ndiye utakayenibeba?" Shangazi alimpima kijana kwa macho. "Haya, inama. Umewahi kubeba nini zaidi ya sifa zako?"

"Nimebeba fahali, Shangazi."

"Fahali ana miguu minne. Alikuwa anakusaidia."

Siku ya kwanza Mavura alimwangusha kwenye magimbi ya jirani. Shangazi alicheka hadi machozi, akadai arudishwe mwanzo wa njia waanze upya. Kufikia siku za vuli Mavura aliweza kupanda naye mbio bila kusimama, na Shangazi akawa anamwimbia mgongoni ili kumtia aibu kwa wasichana.

Babu Senzota alikataa kuipuliza pembe tena kwa ajili ya kile alichokiita mchezo. Vijana wakatumia mluzi wa vidole, mrefu usiokatwa. Walichagua saa bila kutangaza, na hapo ndipo vita ilipoanza, maana saa yoyote kabla ya adhuhuri ilikuta makande motoni. Mluzi ulipolia, mwanamke alipaswa kuacha chungu kama kilivyo, na aliporudi alikuta ukoko mweusi umeganda chini kama gome.

"Roho Juu!" waliita wakimwonyesha vyungu. "Njoo ule kazi yako!"

Nankondo alikwenda akala. Alikula ukoko wa nyumba baada ya nyumba, amesimama mlangoni, bila kukunja uso, mpaka baadhi ya wanawake wakaona haya na kuacha kulalamika. Polepole mambo yakabadilika. Watoto ndio waliokuwa wa kwanza: mluzi ukilia waligeuka na kupanda kama mbuzi. Kisha wanaume wakachoka kugeuzwa njia panda na msichana aliyetandaza mikono. Walipomwona tu pale amesimama, walikuwa wameshageuka kabla hajasema neno.

Bibi Namcharo peke yake hakubadilika. Alikuwa mke wa Babu Senzota, nyumba yao ikiwa ya pili kutoka korongoni. Kwa makande hakuwa na mpinzani katika vijiji vyote vya upande ule. Tangu aolewe hakuwahi kuunguza hata punje, na mumewe alilisema hilo mbele za watu kama wengine wanavyotaja ng'ombe wao. Kijana aliyepangiwa nyumba yake alipomwita, alijibu kwa upole uleule kila mara:

"Tangulia, mwanangu. Nakoroga mara moja tu, nakuja."

Alikuja kweli, lakini baada ya wote, mwiko ukiwa bado mkononi. Nankondo alimwendea kumsihi. Bibi Namcharo alimkaribisha ndani, akampakulia.

"Siku ya hatari yenyewe," alisema, "mume wangu atapiga pembe, si hiyo miluzi yenu ya kuitia mbwa. Mlio wake naujua kuliko ninyi nyote. Nikisikia kitu kigeni kwenye pumzi yake, nitakutangulia. Kaa basi ule."

Nankondo hakukaa. Alikuwa akiwaza kwamba miguu ya Kighonda imekwisha kufundishwa, lakini midomo ya Babu Senzota haijafundishwa kitu. Alimwomba mzee aupulize ule mlio mrefu hata mara chache, peke yake, huko juu ambako hakuna wa kumcheka. Mzee alimjibu kwamba alikuwa anapuliza pembe kabla mama yake Nankondo hajazaliwa.

Masika yalikuja na mvua isiyopumzika. Ilinyesha mchana, ikanyesha usiku, ikanyesha wakati jua linawaka. Nankondo alipanda kwenye ndiva kila kulipokucha, na kila alipopanda alikagua mahali pamoja chini ya ukingo, ambapo maji yalikuwa yakichuruzika kama jasho kila masika. Maji hayo yalikuwa meupe siku zote, masafi ya kunywa. Asubuhi moja aliyakuta mekundu.

Alitia kidole akakisugua kwa kidole kingine. Ilikuwa tope laini, udongo wa ndani ya ukingo, unatoka kidogo kidogo.

Babu Senzota alikuwa kibandani pake kando ya ndiva. Alishuka kutazama, akachuchumaa, naye akatia kidole. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Nenda mahali pako," alisema. "Napuliza."

Nankondo alishuka akikimbia na kuteleza. Vyungu vilikuwa motoni, moshi ulikuwa umelalia mapaa kwa sababu ya mvua, na kijiji kilinukia maharage. Hakuwa amefika njia panda pembe ilipolia nyuma yake.

Ililia milio mifupi, iliyokatwakatwa.

Watu wa ukoo wa mpiga pembe wanaposimulia huliruka jambo hili. Si vizuri kuliruka, kwa kuwa ndilo linaloeleza yaliyofuata. Babu Senzota hakukosea kwa ubaya. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hufanya alichokifanya maisha yake yote. Pumzi yake ilipita njia iliyoizoea, na ikaita maji.

Milango ikafunguka. Wakati wa masika pembe ya maji iliwaita watu kuzibua mifereji isifurike mashambani, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Walitoka wamejifunika magunia vichwani, majembe mabegani, wakateremka. Nankondo alifika njia panda wa kwanza wao akiwa hatua chache tu kutoka kwake. Nyuma ya mgongo wake, chini kabisa, ilikuwa nyumba ya Shangazi. Hakuona kama Mavura alikuwa amefika. Hakujua kama Mavura, aliposikia wito wa maji, angekumbuka Shangazi au angekumbuka jembe. Angeweza kukimbia mwenyewe kushuka, na mwili wake wote ulitaka hivyo. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kugeuka.

Akaikaza ardhini. Akatandaza mikono.

"Juu!" alipiga kelele. "Juu! Ukingo unakwenda!"

Mtu wa mbele alifungua mdomo kubisha. Ila alikuwa amegeuzwa mahali pale mara nyingi mno, na uso ule, na mikono ile. Kabla hajamaliza kufikiri miguu yake ilikuwa imeshamgeuza, naye akajikuta anapanda. Aliyemfuata akafanya vivyo hivyo. Kwenye njia nyingine vijana nao walikuwa wamesimama, maana walikuwa wamejizoeza kwenda mahali pao kila wasikiapo wito wowote, na sauti zao zilisikika huku na huku katika mvua: juu, juu, juu. Majembe yalitupwa. Mzee mmoja alipita amebebwa, akilaani. Mwanamke mmoja alikuja na kuku kwapani. Nankondo akamnyang'anya, akamtupa, wala hakuomba radhi.

Ndipo pembe ikalia tena. Safari hii ulikuwa mlio mrefu, wenye mikwaruzo, wa mtu ambaye hajawahi kuupuliza mpaka mwisho. Babu Senzota alikuwa ameona watu wakiteremka. Aliupuliza akikimbia kando ya ndiva, ukakatika, akauanza tena.

Watu walikwisha pita. Nankondo aligeuka kutazama chini. Mvua ilikuwa imeziba kila kitu. Hakuona paa wala mlango. Aliita jina la Shangazi, hakujibiwa. Kisha akasikia juu yake kitu kinachanika, taratibu, kama nguo nzito inayochanwa na mtu asiye na haraka, na akakimbia kupanda.

Maji yalipita korongoni yakiwa na mawe ndani. Yalichukua mfereji mkubwa, yakachukua migomba, yakachukua nyumba ya Shangazi, na za jirani zake nne yakazinyofoa pembeni kama mtu anayemega mkate. Kisha yakaisha. Hilo ndilo lililowashangaza: hayakudumu hata kiasi cha chungu kuchemka.

Juu ya Jiwe la Perere watu walikuwa wamesongamana, wanatetemeka. Nankondo alipita katikati yao akishika nyuso moja moja kwa mikono yake yenye tope. Alimkuta Mavura ameketi, kichwa chini, hawezi kusema kwa kuhema. Shangazi alikuwa bado mgongoni mwake.

"Mwambie aniachie," Shangazi alisema. "Tumeshafika zamani, yeye ananibana tu."

Kisha akauona uso wa Nankondo, akaacha utani, akamshika kichwa akakiweka begani pake. Wanasema hiyo ndiyo mara ya kwanza Nankondo kuonekana ametulia, na haikuchukua muda, kwa sababu vijana walikuwa wameanza kuita nyumba zao kama walivyojizoeza, na kila nyumba ikaitika, hadi ilipofika moja.

"Bibi Namcharo!"

Mvua ilijibu.

"Bibi Namcharo!"

Babu Senzota alikuwa ndiyo kwanza anafika mwambani, pembe mkononi, kanzu imechanika. Kijana aliyepangiwa nyumba yake alisimama mbele yake na kushindwa kunyamaza.

"Nilimwita, Babu. Nilimshika mkono. Aliniambia, 'Hiyo ni pembe ya maji, mume wangu anaita maji, si hatari. Tangulia, nakoroga mara moja tu.'"

Mzee alikaa chini kwenye mwamba uliolowa, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Walishuka baadaye, walipohakikisha kwamba maji hayarudi. Kwenye nyumba zilizosalia, zile za juu, walikuta vyungu vyote motoni kama vilivyoachwa, mchuzi umekauka, makande yameungua mpaka moshi unatoka. Nyumba ya Bibi Namcharo ilikuwa imebaki nusu. Ukuta wa nyuma haukuwepo, wala yeye mwenyewe. Walimpata kesho yake, mbali, wakamzika kwa heshima. Lakini kona ya jiko ilikuwa imesimama. Mafiga matatu yalikuwa mahali pake, maji yalikuwa yameuzima moto, na chungu kilikuwa juu ya mafiga, mwiko ndani.

Jioni ya siku ile ya maji, waliokosa nyumba na waliobaki nazo walikaa pamoja katika uwanja wa nyumba ya juu. Chakula kilikuwa kile kilichoungua, hakikuwepo kingine. Wanawake walikwangua ukoko na kuwagawia watoto. Babu Senzota akatokea, amebeba chungu cha mkewe kwa mikono miwili. Akakiweka chini mbele yao. Makande yalikuwa yameiva vizuri, meupe, laini, kila punje peke yake. Watoto walisogea. Mama mmoja akanyoosha mkono na bakuli.

"Msile," mzee alisema.

Alichukua mwiko akausukuma hadi chini ya chungu, akauzungusha polepole. Haukugusa kitu. Ulipita kimya, kama kwenye maji.

"Mnasikia?" aliwauliza. "Hakuna kitu. Hata kidogo hayakuungua. Hakuyaacha."

Akauchomoa mwiko. Akamgeukia jirani, akaomba chungu chake, akautia mwiko uleule humo na kukwangua. Ukoko ukalia, ule mkwaruzo unaosisimua meno. Akautoa mweusi, akala mbele yao wote, akitafuna taratibu, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Alipomaliza aliichukua pembe, akaiweka mikononi mwa Nankondo.

"Isiite maji tena," alisema. "Tafuteni kitu kingine cha kuitia maji. Hii wafundishwe vijana, na waipulize siku za jua, mpaka midomo yao isijue mlio mwingine. Na siku itakapolia sitaki kuona Kighonda chungu kisicho na ukoko."

Ndiva ilijengwa upya, upande wa pili wa bega la mlima. Maji yakaanza kuitwa kwa kugonga kipande cha chuma, na mpaka leo ndivyo yanavyoitwa. Nankondo aliishi sana, na hakuacha kula amesimama. Kila mwaka kabla ya masika, siku ambayo yeye na vijana waliichagua bila kumwambia mtu, pembe ililia mlio mmoja mrefu, na Kighonda nzima ikapanda. Waliporudi, alipita nyumba kwa nyumba, mzee sasa, mkono mmoja kwenye bega la Mavura aliyekuwa mzee pia, akiomba mwiko katika kila mlango.

Tangu enzi zile hadi hivi leo desturi haijabadilika. Jua likiwa kali na mbingu tupu, pembe hulia, vyungu huachwa, na vijana husimama njia panda wakiwa wametandaza mikono. Watu wakisharudi, msichana aliyeshika pembe mwaka huo hupita na mwiko. Chungu kisicho na ukoko hakigombezwi. Hubebwa kimya hadi kwenye mafiga matatu yaliyo ukingoni mwa korongo, na mwenye nacho hukimwaga pale kwa mkono wake. Vingine huliwa na wote, wenyeji na wageni. Na mgeni akiona uchungu wa makande yale na kutaka kuuliza, huombwa asubiri kidogo, kwa sababu hakuna anayeketi kula Kighonda siku hiyo mpaka mwiko upite nyumba ya mwisho na watu wausikie ukikwaruza.